Mzee Apewe Mnofu, Si Mchuzi Tu: Sato, Misuli na Uzee Wenye Nguvu

(Mhadhara uliotolewa Kirumba, Mwanza, mbele ya wazee na wanaowatunza)

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni nyote. Na ninyi vijana mliowashika mikono wazazi wenu mkawaleta hadi hapa, karibuni sana, maana mengi nitakayosema leo yanawahusu ninyi mnaopika na mnaopakua.

Nimeombwa nizungumzie chakula cha uzeeni. Ni somo pana, tungeweza kukaa nalo wiki nzima. Nimechagua upande mmoja tu, nao ni samaki mweupe mwenye mafuta kidogo, na kwetu huyo ni sato. Tumekaa jirani na soko la samaki la Mwaloni, samaki wanashushwa usiku na mchana, malori yanapakia kwenda mikoa ambayo haijawahi kuona ziwa. Ningekuwa nazungumza Dodoma ningechagua chakula kingine. Lishe ya mtu ianze na kilicho karibu naye.

Ninachokiamini, na ndicho kilichonileta hapa, ni kwamba mtu akifika miaka 60 anahitaji mnofu zaidi ya alivyouhitaji akiwa na miaka 40, na katika nyumba zetu nyingi hapo ndipo anapoanza kuupata kidogo.

Angalieni tunavyopakua. Sufuria imeepuliwa, samaki mmoja, watu sita au saba. Mgeni akiwepo atangulizwe, na ni haki yake. Watoto wanakua, wapewe. Anayetoka kazini apewe kipande cha katikati. Zamu ya bibi ikifika, anasema mwenyewe: "Mimi nitilieni mchuzi, miiba inanisumbua. Mimi nimeshakula vya kutosha, wapeni watoto." Tunamtilia mchuzi, anachovya ugali wake, anashukuru. Hakuna aliyemnyima. Bibi amejinyima mwenyewe kwa mapenzi, na sisi tumekubali kwa sababu tumezoea. Lakini mwili wake hauna habari na mapenzi hayo. Mwili unahesabu protini iliyoingia, basi.

Sasa niwaeleze mwilini kunatokea nini. Misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini na kitu, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Mwaka 1989 daktari Mmarekani, Irwin Rosenberg, aliupa upungufu huo jina la sakopenia, na mwaka 2016 ukapewa namba yake rasmi katika orodha ya magonjwa inayotumika Marekani. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni uzee tu huo," mjibu kwamba sehemu yake ina jina, inapimika, na inaweza kupunguzwa.

Kuna jambo ningependa mlishike vizuri. Misuli ina nyuzi za aina mbili kubwa. Ziko zinazofanya kazi polepole na kwa muda mrefu, hizo ndizo zinazokutembeza kutoka hapa hadi Kitangiri. Na ziko zinazofanya kazi kwa haraka na kwa nguvu. Hizi za haraka ndizo zinazosinyaa zaidi uzeeni. Na ndizo zinazokudaka unapojikwaa. Mguu ukiteleza kwenye ngazi, una chini ya sekunde moja ya kuutupa mguu wa pili mbele usianguke. Misuli ya haraka ikiwa hai, unayumba, unajishika, unaendelea. Ikiwa imesinyaa, unakwenda chini mzima mzima, na nyonga inavunjika. Mji wetu huu ni wa mawe na milima. Mnaokaa Mabatini, Igogo, Isamilo, mnajua njia za kupanda kwenda nyumbani zilivyo, hasa mvua ikinyesha. Mzee wa tambarare anaweza kuishi na miguu dhaifu kwa miaka bila kujua. Mzee wa Mwanza anajua siku ya kwanza.

Tufanye jaribio. Naomba mzee mmoja anisaidie, baba uliyekaa pale mbele, kama magoti yako hayana maumivu leo. Kunja mikono kifuani, usishike kiti. Simama wima, kaa, simama, kaa, mara tano, haraka uwezavyo. Kijana, tazama saa. (Mzee alimaliza kwa sekunde 13, ukumbi ukampigia makofi.) Safi kabisa, baba. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba mtu anayetumia zaidi ya sekunde 15 kwa mara hizo tano, misuli yake inatiliwa shaka na inafaa achunguzwe. Hiki ni kipimo ambacho hakihitaji mashine wala pesa. Jioni ya leo kila mmoja amfanyie mzazi wake, lakini mtu asimame pembeni yake asije akaanguka.

Twende kwenye hesabu, na nitaifanya polepole. Kundi la kimataifa la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni 0.8. Mnaona? Kimepanda, hakikushuka. Sababu ni kwamba misuli ya mzee inakuwa mizito kuitikia chakula. Kijana akila protini kidogo tu, misuli inaanza kujijenga. Mzee anahitaji kiasi kikubwa zaidi kwa mlo mmoja, gramu 25 hadi 30 hivi, ndipo misuli yake iamke.

Chukua mama wa kilo 60. Anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Asubuhi kanywa chai ya rangi na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mchana ugali wa udaga, ule wa muhogo, na mlenda. Jioni ugali wa mahindi na mchuzi wa samaki. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 katika gramu 100. Unga wa muhogo una kama 2 tu. Mlenda una faida zake nyingi, lakini protini si mojawapo, na mchuzi ni maji, chumvi, nyanya na harufu nzuri. Mama huyu atalala ameshiba, na siku nzima hajafika hata gramu 30. Kushiba na kujengwa mwili ni mambo mawili tofauti, na naona jambo hili halisemwi vya kutosha katika kliniki zetu.

Sasa mweke sato. Mnofu wa sato mbichi, gramu 100, una protini gramu 20 hivi, na mafuta hayafiki gramu 2. Ukishapikwa maji yanapungua, kwa hiyo gramu 100 za mnofu uliopikwa zinakaribia gramu 26 za protini. Mlo mmoja, kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja, kiasi cha kuiamsha misuli kimefika.

Lakini msipime samaki mzima mkadhani mmepima mnofu. Katika sato wa kilo moja, mnofu ni kama theluthi tu; kilichobaki ni kichwa, mgongo, miiba, magamba na matumbo. Theluthi hiyo ina protini kama gramu 70 kwa jumla. Ukiigawa sawasawa kwa watu sita, kila mmoja anapata 12 hivi. Ukimgawia bibi mchuzi, anapata karibu na sifuri. Hesabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu nyumba hiyo itamwambia daktari kwa moyo mweupe kwamba mama anakula samaki kila siku.

Kwa nini nasisitiza huyu mweupe? Kwanza nyama yake ni laini. Nyuzi za nyama ya samaki ni fupi, na utando unaozishikilia ni mchache kuliko wa ng'ombe au mbuzi, tena unayeyuka kwa moto mdogo. Mtu mwenye meno manne anaweza kuimaliza. Pili, mafuta yake ni kidogo, kwa hiyo mwenye presha, mwenye kisukari au aliyenenepa anapata protini nyingi bila mzigo mkubwa wa nishati. Gramu 100 za mnofu mbichi hazifiki kalori 100. Tatu, kuna vitamini B12, ambayo tumbo la mzee huichota kwa shida kwa sababu asidi imepungua, na wanaotumia metformin kwa ajili ya kisukari huwa katika hatari zaidi ya kupungukiwa nayo. Ikipungua sana, miguu inakufa ganzi, kumbukumbu inayumba, na watu wanaanza kumsingizia jirani uchawi. Gramu 100 za sato zina zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku.

Huko Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wamefikisha miaka 65, watafiti wamemchunguza sana samaki mweupe wa bahari za kaskazini anayeitwa Alaska pollock. Katika majaribio ya panya, protini yake ilinenepesha ile misuli ya haraka niliyowaeleza. Panya si bibi, sitawadanganya. Lakini inatia moyo kuona nchi iliyotangulia kuzeeka ikitafuta majibu kwa samaki mweupe na siyo kwenye vidonge peke yake.

Haki itendeke na kwa samaki wengine. Samaki mwenye mafuta hana kosa. Mafuta ya samaki yenye omega-3 ni mazuri kwa moyo, na sato anayo kidogo. Hapo ndipo dagaa wetu anapoingia. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo anakuletea kalsiamu ambayo mnofu wa sato unayo kidogo sana. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini; konzi moja ya gramu 30 hivi inakupa gramu 15 na zaidi. Nasikitika dagaa tunamwona ni chakula cha shida. Yule anayevuliwa kwa taa usiku wa giza la mwezi, akaanikwa kwenye chanja badala ya mchanga, huyo ni chakula cha mtu anayejali mifupa yake. Nunua wa chanja hata kama bei imezidi kidogo. Wa mchanga anahitaji maji mengi ya kumwosha, na mzee akishatafuna chembe moja ya mchanga hatakula tena wiki hiyo.

Sangara naye? Mnofu wake ni mzuri, hauna miiba midogo, na mtu anayeogopa miiba angefaa kuanzia hapo. Tatizo mnalijua. Viwandani minofu inachunwa inasafirishwa nje, Ulaya na kwingine, na kwetu yanabaki mapanki, yaani vichwa na migongo. Sisemi mtu asile mapanki. Kichwa cha sangara kina nyama nzuri mashavuni, na akina mama wengi wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Nasema tu kwamba mgongo uliochunwa kiwandani una nyama kidogo sana, na ukishaukaanga unakula mafuta zaidi ya samaki. Mzee asihesabiwe kuwa amekula samaki kwa sababu amekula panki.

Na kwa kuwa wengine huuliza kuhusu zebaki ya machimbo ya dhahabu: zebaki hujikusanya zaidi kwa samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Sato anaishi zaidi kwa mwani na vijidudu vya majini, kwa hiyo yupo chini katika ngazi hiyo, na kwa upande huu ni samaki wa kutuliza moyo.

Sasa mapishi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tunamchukua samaki ambaye Mungu amemuumba na mafuta yasiyofika gramu 2, tunamkaanga hadi anakauka kama kuni, katika mafuta yaliyotumika tangu juzi, meusi, yanatoa povu. Maji yanatoka kwenye mnofu, mafuta yanaingia. Kisha tunamwagia chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo pamoja. Kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ndiyo kabisa: ukiipenda, iloweke usiku, mwaga maji, loweka tena, na mwenye presha aile kwa nadra.

Nawapa mchemsho, kama ninavyoupika. Ukifika kwa muuzaji, mtazame sato macho: yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yameingia ndani. Funua mashavu, matamvua ya ndani yawe mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole. Shimo likibaki, mwache. Nyumbani mpare magamba, mtoe matumbo, mwoshe, mkamulie ndimu, mpake kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, mwache kidogo. Chini ya sufuria panga vitunguu maji, nyanya, karoti, viazi mviringo au ndizi mbichi. Maji yasizidi kufunika viazi. Viazi vikianza kulainika, mlaze samaki juu, weka hoho na pilipili nzima isiyopasuka, funika. Sato hahitaji zaidi ya dakika 15. Msimkoroge, atavunjika na miiba itatawanyika, tikisa sufuria. Chumvi iwe mwisho, kidogo, kwa sababu ndimu imeshafanya kazi yake. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sufuria nzima.

Kisha anayepakua achukue sahani ya mzee kwanza. Achambue mnofu kwa mikono iliyonawa, pembeni ya mgongo ambako miiba ni mikubwa na inaonekana, aupapase kwa vidole viwili hadi aridhike. Dakika tatu. Mzee hatasema tena kwamba miiba inamsumbua, kwa sababu haipo. Mnachokitoa pale ni muda tu.

Nisiwafiche kwamba sato ni ghali. Simwambii mtu ale sato kila siku wakati ada ya shule haijalipwa. Mara mbili au tatu kwa wiki kipande kizuri kiende kwa mzee, na siku nyingine zizibwe na dagaa, maharage, yai lenye gramu 6 za protini, kikombe cha maziwa au mtindi chenye gramu 8. Kilo ileile mnayoinunua leo, mkiipakua upya, tayari mmepiga hatua bila kuongeza shilingi.

Wawili watatu nawaomba wasitoke hapa na haya niliyosema bila kuongea na daktari. Mwenye figo zilizochoka: protini nyingi inaweza kumdhuru, kiwango chake kitoke hospitali. Mwenye jongo, dagaa kwa wingi wanaweza kumwamshia maumivu ya kidole gumba cha mguu. Sato kwa kiasi ni nafuu kwake.

Na samaki peke yake hajengi msuli uliolala kitini. Msuli hujengwa pale chakula kinapokutana na kazi. Ule mtihani wa kiti ugeuzeni uwe zoezi, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, ukishika meza kama huna uhakika. Baba wa pale mbele atawafundisha.

Tuliacha nafasi ya maswali. Mama mmoja wa Igombe aliuliza afanyeje, mama yake hana jino hata moja na ameanza kupaliwa na chakula.

Mama, kupaliwa kwanza kaangaliwe hospitali, usikupuuze. Kwa chakula, mnofu uliochambuliwa uponde kwa uma pamoja na ndizi au viazi vya mchemsho, ongeza mchuzi hadi uwe mzito kama uji wa mtoto. Chakula chepesi kama maji huwapalia zaidi. Dagaa wasafishe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, wasage, wachekeche, utie kijiko kwenye uji au mboga. Mkalishe wima, mpe kidogo kidogo, na asilale mara baada ya kula.

Kijana aliuliza kama sato wa vizimba anafaa au ni wa ziwani tu. Anafaa. Protini yake ni ileile. Wa porini huwa na omega-3 zaidi kwa sababu anakula mwani, wa kizimba analishwa chakula cha kutengenezwa. Kwa ajili ya misuli ya mama yako, nunua yule aliye mbichi zaidi siku hiyo. Na sato huyu wa leo, wa ziwani au wa kizimba, ni mgeni aliyepandikizwa miaka ya 1950. Mwenyeji wetu alikuwa ngege, wazee mnamkumbuka utamu wake.

Mzee wa mwisho aliuliza kama kwa umri wake, miaka 78, hajachelewa. Hujachelewa, baba. Mwaka 1990, huko Marekani, wazee wa miaka 90 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki nane, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Wewe una miaka kumi na miwili ya kuwatangulia. Meza ya kupimia uzito na presha iko pale upande wa kulia. Njoo na daftari lako la kliniki tukakokotoe gramu zako, na huyo binti aliyekuleta aje naye, maana yeye ndiye anayepakua.